Mpiganaji Anayesubiri: Maswali Tunayoulizwa Kila Jumapili Alfajiri

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Kigogo. Kila Jumapili yenye pambano kubwa la MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, sebule yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, hujaa watu kabla jua halijachomoza. Huja wanafunzi wa chuo, madereva wa bodaboda, mama mmoja muuza mboga wa Majengo ambaye hakosi hata siku ya mvua, na vijana ninaowafundisha karate. Mpiganaji mmoja akisimama mbali na mwenzake, akazunguka, akarudi nyuma dakika nzima bila kurusha konde, maswali huanza. Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Sasa nayaandika, maana mtindo huu wa kupigana naupenda kuliko mingine yote, na inaniuma kuona mtu anaweka chini kikombe cha chai na kuondoka dakika mbili kabla ya jambo ambalo asingelisahau.

Mwalimu, huyu mbona hapigani?

Anapigana. Tatizo ni kwamba macho yetu yamezoea kutazama mikono, na kazi yake inafanyika miguuni.

Jaribu hivi. Raundi inayofuata, usitazame uso wala ngumi. Tazama nafasi iliyo kati ya miguu ya huyu na miguu ya yule. Utaona kwamba nafasi ile haibadiliki sana. Mmoja akisogea nusu hatua, mwingine anarudi nusu hatua. Akienda kulia, mwenzake anakata kona. Yule unayemwona mvivu ndiye anayeilinda nafasi ile, na ameipima: ni ndefu kidogo kuliko teke la mpinzani. Kwa hiyo mpinzani hawezi kumgusa hapo aliposimama. Ni lazima aingie. Na ili aingie ni lazima apige hatua moja ambayo, kwa kitambo kidogo sana, mguu wake uko hewani, uzito wake uko mbele na mikono yake imeacha kulinda uso. Hatua hiyo ndiyo inayosubiriwa.

Waliokulia vijijini huku kwetu watanielewa haraka. Kiangazi, mto ukikauka, mama zetu wanachimba mchanga wa mtoni, wanakaa pembeni ya shimo na kibuyu wakisubiri maji yajikusanye. Ukichota kwa pupa unapata tope. Hakuna mtu wa Dodoma anayepita hapo akauliza kwa nini mama yule hafanyi kazi.

Huyu Machida mnayemtaja kila mara ni nani?

Lyoto Machida, Mbrazili, aliyezaliwa mwaka 1978. Baba yake, Yoshizo Machida, ni Mjapani aliyehamia Brazil na ni mwalimu mkubwa wa karate ya Shotokan. Lyoto alianza karate akiwa mtoto wa miaka 3 na akapata mkanda mweusi akiwa na miaka 13. Alijifunza pia sumo na jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana chini, na hilo watu hulisahau: ukimwangusha chini hukuti mtu asiyejua kuogelea.

Alipoanza kupanda katika UFC, shirika kubwa la mapambano ya MMA, wakati ule wengi walikuwa wamekubaliana kwamba karate haina nafasi ulingoni. Mashindano ya kwanza kabisa ya UFC, mwaka 1993, yalikuwa yamewaonyesha watu jinsi jujitsu ya Royce Gracie inavyowakaba wapigaji, na tangu hapo kila mpiganaji alitengenezwa kwa mchanganyiko uleule: ngumi za ndondi, mateke ya Thailand, mieleka. Machida akaja na kitu tofauti. Alisimama wima, miguu imetanuka, mkono wa mbele uko chini, kidevu kinaonekana kama kimeachwa wazi. Ukimwendea, hayupo. Ukisimama, anakuja kama mshale, konde moja lililonyooka, kisha ametoka upande wa pili.

Mei 2008 Tito Ortiz, bingwa wa zamani, alimfukuza raundi 3 na hakumpata. Katika raundi ya mwisho alipigwa goti la tumbo likamwangusha. Januari 2009 Thiago Silva, ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja, alizimwa ikiwa imebaki sekunde 1 raundi ya kwanza iishe. Tarehe 23 Mei 2009, Las Vegas, Rashad Evans, bingwa ambaye naye hakuwa amepoteza, alizimwa raundi ya 2. Machida akashika kipaza sauti akawaambia watu kwamba karate imerudi.

Mimi nililiona pambano hilo miezi kadhaa baadaye, katika kibanda umiza kimoja Majengo, kwa CD ya kuchoma. Watu walikuwa wanapiga kelele tangu dakika ya kwanza: "Piganeni bwana!" Mzee mmoja nyuma alidai arudishiwe hela yake. Evans alipodondoka, mguu mmoja umekunjika chini yake, kile kibanda kilinyamaza kabisa. Kimya kile ninakikumbuka kuliko konde lenyewe.

Lakini si ni sawa na timu inayopaki basi?

Hapana, na swali hili ninalipenda kwa sababu linatoka kwa watu wanaoujua mpira. Timu iliyopaki basi inajaza watu golini na kuomba dakika ziishe. Haitaki mpira. Sare inaitosha.

Sasa fikiria timu nyingine. Imekuja Jamhuri kucheza na Dodoma Jiji, inawaachia wenyeji mpira, inawavuta hadi mabeki wa pembeni wamepanda wote, kisha pasi moja ndefu na mshambuliaji yuko peke yake na kipa. Timu hiyo haikupaki basi. Ilikuwa inafungua mlango wa mpinzani kwa kutumia tamaa ya mpinzani mwenyewe. Machida alikuwa hivyo. Alikuwa anawavuta watu watoke golini kwao.

Ukitaka kupima, angalia mambo mawili. Je, anaporudi nyuma anarudi akiwa na msimamo wake, miguu haijavukana, tayari kupiga? Na je, mpinzani anapofanya kosa, analiadhibu? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, hilo si basi.

Anasubiri nini hasa? Kosa gani?

Hapa nitakaa kidogo.

Karate ya Kijapani ina majina ya nyakati za kupiga. Ya kwanza ni go no sen: mwache aanze, kwepa au zuia, kisha piga. Hii ndiyo watu wengi wanaifikiria wanaposikia neno kusubiri. Ya pili ni sen no sen: unapiga wakati uleule anapoanza kupiga. Konde lake limetoka begani lakini halijafika, na lako limeshafika. Hii ya pili ndiyo inayotisha, kwa sababu mtu anakuja mbele kwa nguvu zake zote na konde lako linamkuta njiani. Nguvu ya kugongana ni yako na yake pamoja. Ndiyo maana Machida, ambaye hakuwa mtu wa misuli mikubwa, aliwazima wanaume wa kilo 93 kwa makonde ambayo ukiyatazama mbiombio yanaonekana mepesi.

Ili uweze sen no sen, lazima umsome mtu. Kila mpiganaji ana dalili. Mmoja hushusha bega la kulia kidogo kabla ya kurusha. Mwingine huvuta pumzi. Mwingine, na hawa ni wengi sana, hugusa chini mara mbili kwa mguu wa mbele kabla ya kuingia. Dakika zile tano ambazo wewe unaona hakuna kitu, mpiganaji anayesubiri anamwuliza mwenzake maswali: anacheza bega, anainua goti kidogo, anatikisa mkono, aone mwenzake anashtuka vipi. Akishtuka kwa kuinua mikono, tumbo liko wazi. Akishtuka kwa kurudi nyuma, anaogopa. Akishtuka kwa kurusha konde, basi tumempata, maana tunajua namna ya kumfanya arushe tunapotaka.

Kitu kingine ambacho Machida alikifanya vizuri kuliko mtu yeyote wa uzito wake ni kumpiga mtu mtama. Wenzangu wa huku mnacheka kwa sababu mtama kwetu ni ugali, lakini mnajua maana ya mtaani: kumkwanyua mguu akiwa katika mwendo. Ukimsubiri mtu mpaka aweke uzito wote kwenye mguu mmoja, huhitaji nguvu kumwangusha. Watoto wa shule ya msingi wanalijua hilo.

Nitatofautishaje subira na woga?

Swali zuri kuliko yote, na sitadanganya: wapo wanaosubiri kwa sababu wamegandishwa na hofu.

Mfano ninaoutumia ni wa Julai 2018, Las Vegas. Francis Ngannou wa Cameroon, mtu mwenye konde zito la kutisha, alikutana na Derrick Lewis. Raundi 3 nzima, dakika 15, wanaume wawili wakubwa walitazamana. Ngannou alifikisha makonde na mateke ya maana 11 tu, Lewis 20. Lewis akapewa ushindi. Baada ya hapo Ngannou mwenyewe alikiri hadharani kwamba alikuwa ameingia na hofu ya pambano lililopita, lile alilopoteza Januari mwaka huohuo mbele ya Stipe Miocic. Namheshimu sana kwa kukiri, na baadaye alirudi akawa bingwa. Lakini pambano lile halikuwa subira.

Tofauti ilikuwa nini? Hakuuliza maswali. Hakucheza bega, hakubadilisha pembe, hakumlazimisha Lewis aamue chochote. Nafasi ilipofunguka, aliiona ikafunguka ikafunga. Anayesubiri kwa woga hutazama konde litakalompata. Anayesubiri kwa akili hutazama mlango. Ukikaa na mapambano kumi hivi utaanza kuona tofauti hiyo hata kabla hajarusha kitu, kwa mabega tu: ya mwoga yamepanda karibu na masikio.

Majaji wanaionaje subira? Kila nikitazama anapewa anayekwenda mbele.

Kanuni zinamtetea mpiganaji wa subira kuliko watu wanavyodhani. Kila raundi mshindi anapewa 10 na mwenzake kwa kawaida 9. Kinachotazamwa kwanza ni mapigo na mieleka iliyoleta madhara. Kwenda mbele na kutawala uwanja hutazamwa tu pale ambapo katika hilo la kwanza wamelingana kabisa. Kanuni hizi ziliwekwa wazi zaidi kuanzia mwaka 2017. Kumfukuza mtu bila kumpata, kwa mujibu wa maandishi, hakuna thamani.

Ila majaji ni binadamu, wanasikia kelele za ukumbi. Novemba 2010 Machida alipoteza kwa Quinton Jackson, majaji 2 kwa 1, na Jackson mwenyewe alionekana kushangaa. Agosti 2013, Rio de Janeiro, majaji wote 3 walimpa Phil Davis, na watu wa kwao Brazil wakazomea uamuzi. Nimelirudia lile la Davis zaidi ya mara nne na bado naona raundi mbili zilikuwa za Machida. Hii ndiyo gharama ya mtindo huu: ukisubiri sana, unamwachia mtu mwingine kalamu.

Na mwende mkijua kwamba refa ana haki ya kumwadhibu anayekimbia tu bila kutaka kukutana. Ni kosa lililoandikwa.

Kama mtindo ni mzuri hivyo, mbona Shogun alimmaliza?

Kwa sababu Mauricio Rua, Shogun, alikaa chini akafikiri, na mimi namshukuru kwa hilo, maana alitufundisha sote jinsi lango hili linavyofunguliwa.

Wengine wote walikuwa wanakimbilia kichwa. Kichwa cha Machida ndicho kitu cha kwanza kuondoka. Katika pambano lao la kwanza, Los Angeles, Oktoba 2009, Shogun alikiacha kichwa kiende zake akapiga vilivyobaki nyuma: paja, ubavu, paja tena. Mtu anayerudi nyuma kwa miguu iliyotanuka huuacha mguu wa mbele sekunde moja zaidi. Raundi 5 za mateke ya paja. Majaji wote walimpa Machida, 48 kwa 47, ukumbi ukazomea, na hapa nitasema ukweli ingawa nampenda: nilimwona Shogun kashinda.

Waliporudiana Montreal, Mei 2010, Shogun hakusubiri kukaribishwa. Machida aliingia kwa konde lake la kushoto, Shogun akarusha la kulia juu yake kwa wakati uleule, na mambo yakaisha ndani ya raundi ya kwanza. Yaani mfalme wa kumkuta mtu njiani alikutwa njiani. Kushindwa kule kulinifanya niuheshimu mtindo huu zaidi, kwa sababu ulivunjwa kwa akili ya aina yake yenyewe.

Na haukufa. Aprili 2011, Toronto, mbele ya watu zaidi ya elfu 55, Machida alicheza mguu wa kushoto, akaruka na kumpiga Randy Couture teke la mbele la kidevu kwa mguu wa kulia. Couture alikuwa na miaka 47, na hilo likawa pambano lake la mwisho. Mei 2018 Machida, akiwa amekaribia miaka 40, alimzima Vitor Belfort kwa teke la mbele lilelile la kidevu, Rio.

Mimi ni mtu wa ngumi. MMA siielewi. Nianzie wapi?

Anzia Kinshasa. Mzee wako akiwa na umri wa kutosha anakumbuka: 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Kule ilikuwa saa kumi usiku, huku kwetu saa kumi na mbili alfajiri, saa ileile tunayokusanyika leo. Foreman, miaka 25, alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton kila mmoja ndani ya raundi 2. Ali, miaka 32, raundi ya kwanza alishambulia, akaona hatafika mbali hivyo, na kuanzia raundi ya 2 akaegemea kamba akamwacha Foreman apige mikono na mbavu mpaka mikono ya Foreman ikawa mizito. Raundi ya 8 akamwangusha.

Subira ya Ali siku ile ilikuwa ya kupokea. Ya Machida ni ya kutokuwepo. Lakini swali wanalouliza ni moja: mwenzangu amebakiwa na nini, na lini nitakichukua?

Mashabiki wa ndondi wa Tanzania tunapenda anayemaliza kazi mapema. Nami nilishangilia Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya 2, Birmingham, mwaka 2018. Hakuna ugomvi. Mtu anaweza kupenda nyama choma na mlenda pia.

Wanawake wanapigana hivi?

Sana. Mama wa Majengo niliyemtaja alishikwa na mchezo huu siku aliyomwona Holly Holm na Ronda Rousey, Melbourne, Novemba 2015. Rousey alikuwa hajashindwa katika mapambano 12, na mengi aliyamaliza ndani ya dakika moja au pungufu. Alikuwa anakuja mbele kama lori lililokatika breki. Holm, bondia wa zamani anayetumia kushoto, alimzunguka, akamwachia apite, akampiga kushoto kila alipogeuka. Raundi ya 2, Rousey ananyanyuka baada ya kuteleza, teke la kushoto la shingo, basi. Zaidi ya watu elfu 56 walikuwa ukumbini.

Mama alisema: "Kumbe alikuwa anamchosha kama mtu anayekimbiza kuku." Sijawahi kulieleza pambano lile vizuri kuliko hivyo.

Nitawahi misa?

Ya pili, ndiyo. Mapambano ya Las Vegas ya Jumamosi usiku hutufikia Jumapili alfajiri, na lile kuu mara nyingi huangukia kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi. Ya Abu Dhabi huja Jumamosi jioni au usiku, hayo hayana shida na mtu.

Mbona unatukataza kuzomea?

Nyumbani kwangu, ndiyo, nakataza. Nitaeleza.

Machi 2020 Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos aliyekulia New Zealand, alipigana na Yoel Romero. Romero alisimama kama nguzo dakika nyingi za mwanzo, mikono imefunika uso. Adesanya hakuingia. Ukumbi ulizomea raundi zote 5. Sebuleni kwangu pia. Lakini Romero ni mwanamieleka aliyepata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2000, mwenye konde la kumzima mtu yeyote, na alichokuwa anataka ni kitu kimoja tu: mtu akasirike, aingie. Waliokuwa wanazomea walikuwa wanamsaidia Romero. Adesanya alipiga mateke ya mguu, akatoka, akabaki na mkanda wake wa ubingwa.

Miezi sita baadaye, Paulo Costa, ambaye hakuwa ameshindwa, alikuja na mpango wa kumsukuma ukutani. Mateke yaleyale ya mguu, subira ileile, na raundi ya 2 Costa alikuwa chini. Wale waliozomea Machi walisimama juu ya makochi yangu Septemba. Nilifurahi nao, lakini niliwakumbusha kwamba walikuwa wanashangilia kitu kilekile.

Unaweza usilipende pambano. Hata mimi lile la Romero silirudii. Ila yule mtu amejifunza miaka mingi kuzuia hasira isimwamulie, na sisi tunamtaka aitupe ili tufurahi dakika mbili kisha yeye abebwe. Siwezi kushiriki.

Naweza kujifunza mtindo huu hapa Dodoma?

Unaweza, na huhitaji kizimba. Sisi tunafanyia uwanja wa shule, asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kupandisha vumbi. Ardhi yetu ngumu, kwa hiyo mambo ya kuangushana tunayaacha mpaka tupate magodoro.

Zoezi la kwanza huchukua mwezi mzima na wengi hunikimbia hapo. Wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja ananyoosha mkono. Ncha ya vidole iwe shubiri moja kutoka kifuani kwa mwenzake. Hiyo ndiyo nafasi yenu. Anayeongoza anakwenda popote, mbele, nyuma, kona, na mwenzake analinda shubiri ile isiongezeke wala isipungue. Hakuna kupiga. Dakika 3, mnapumzika, mnabadilishana. Jioni miguu inakuuma mahali ambapo hukujua una misuli.

La pili ni kugusana bega. Anayeguswa kwanza anapata alama moja mbaya. Anayegusa wakati mwenzake anaanza kunyoosha mkono anapata alama mbili nzuri. Hapo ndipo watu wanaanza kuelewa sen no sen bila mimi kusema neno.

La tatu ni kucheza bega na kutazama tu. Umcheze mwenzako mara kumi, kisha umwambie alishtukaje. Vijana wangu wengine sasa wananiambia mimi nashtukaje. Wamenikuta nafumba jicho la kushoto.

Vaa kinga ya meno hata kwa mchezo. Na kwa hili sina masihara: aliyepigwa kichwa akaona giza, akatapika, au akasahau siku, mazoezi yake yameisha, aende hospitali, na asirudi uwanjani mpaka daktari aseme. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba unajengwa juu ya kutopigwa. Kocha anayewafundisha watoto subira kwa kuwapigisha vichwa hajaelewa anachofundisha.

Mwanangu mpole sana, wenzake wanamwonea. Mtamfanya mkali?

Hapana, mama. Atabaki mpole. Atajifunza kusimama mahali ambapo mkono wa mtu haumfikii, na kutazama bila kuinamisha macho. Wengi wa watoto wapole wana kipaji hiki tayari, maana wamezoea kuwasoma watu. Mlete na maji ya kunywa.

Pambano la kwanza nitazame lipi?

Machida na Evans, Mei 2009. Zima sauti kabisa, watangazaji watakuchanganya. Raundi ya kwanza mtazame Evans peke yake, miguu yake tu. Hesabu mara ngapi anaanza kuingia kisha anajizuia. Utaona mguu wa mbele unanyanyuka kidogo na kurudi palepale, unanyanyuka na kurudi, kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya Iringa jioni magari hayakatiki. Kisha raundi ya 2, subiri anapoamua kuvuka.